Mguu Chini ya Pazia

Mwanaasha binti Rehani wa Dunda hajui kunong'ona. Siri yako ataitunza, hilo halina shaka, ila atakujibu kwa sauti ile ile anayowaitia wabeba masufuria, na mtaa mzima utajua kwamba siri ipo. Ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitma na maulidi ya Bagamoyo mjini, nyingi zimepita mikononi mwake, na kila anayemwita anajua kuwa amekaribisha pilau pamoja na mdomo. Watu humsengenya, kisha humwita tena mwezi unaofuata.

Sukari ilimkuta huko huko jikoni. Alianguka siku ya harusi ya watu, mwiko mkononi, na kabla hajapepewa vizuri walikwisha kutokea waliosema ni jini na waliosema ni kijicho. Kliniki walisema ni sukari. Alirudi nyumbani na vidonge na maneno matatu manne ya haraka, maana foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa mmoja: apunguze wanga, asiruke dawa, aangalie miguu. Aangalie miguu aone nini? Hilo halikupata nafasi ya kuelezwa, na Mwanaasha si mtu wa kulala na swali.

Akaanza kuuliza. Alimuuliza muuza duka la dawa, akamuuliza binamu yake wa Dar kwenye simu, akasikiliza redio, akapokea kwenye WhatsApp habari za majani yanayoponya kila kitu kuanzia sukari mpaka mapenzi. Aliyemfaa kuliko hao wote alikuwa bibi mmoja tu waliyekaa naye foleni, aliyemfundisha kuwa vile vidonge vyake humezwa na chakula, ndipo tumbo litatulia. Mwanaasha alisimama pale pale akawageukia watu. "Jamani! Asubuhi nzima tunatazamana visogo hapa, kumbe kila mmoja ana jibu la mwenzake!"

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Benchi. Sophia, muuguzi mwenye kliniki ya sukari, alikuwa ametamani kwa miaka mingi apate namna ya kuwafundisha watu wakiwa pamoja, na Mwanaasha alipomfuata alikubali kabla hajamaliza kusema. Tangu hapo kila Jumanne, chini ya paa la bati nje ya kliniki, Sophia hufundisha jambo moja, kisha viatu vinavuliwa na miguu inakaguliwa, kisha wenyewe wanaelezana mambo ya nyumbani ambayo muuguzi hawezi kuyajua: namna ya kukataa chai ya mkwe iliyojaa sukari bila kuvunja ndoa, namna ya kukaa kwenye futari ya jirani ukatoka salama.

Utaratibu wa Benchi Mwanaasha aliutoa mahali anapopajua. Pwani msichana anapoolewa hupewa somo, mwanamke mzima aliyekwisha kuyapitia, amfunde mambo ya nyumba. Hafundwi na asiyeolewa. Basi na mgonjwa mgeni naye apewe somo wake: mvuvi kwa mvuvi, mama lishe kwa mama lishe, aliyekata tamaa kwa yule aliyewahi kukata tamaa akarudi. Wanaume wa Benchi walicheka sana mwanzoni wakasema hayo ni mambo ya kike. Sasa wanaitana somo mpaka sokoni.

Na huyu anayewapangia wengine somo ana somo wake mwenyewe, yule aliyemfunda siku za harusi yake. Naye ni Bi Chausiku.

Bi Chausiku ni wa nyumba za kale za Mji Mkongwe hapo hapo Bagamoyo, mwembamba, maneno machache, kila moja limenolewa. Mwanaasha anayewafokea mabwana harusi mbele ya wakwe, akifika kwa Bi Chausiku huvua viatu mlangoni na kupunguza sauti, ingawa ya kwake ikipunguzwa bado hufika barabarani. Bi Chausiku naye ana sukari. "Yangu ndogo," alizoea kusema, na Benchi hakulikanyaga. Mwenye sukari kubwa alikuwa mumewe, Mzee Twalha. Alificha kidonda cha mguu mpaka vidole vikageuka vyeusi, na alipofikishwa hospitali Dar hapakuwa na la kufanya ila kuukata. Alirudi na mguu mmoja, akaishi miezi michache akitazama ukuta, akafariki. Bi Chausiku akaingia edani.

Kwa wasioijua desturi: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Huitwa kizuka. Hajipambi, hajifukizi, hapaki hina, hakai na mwanamume asiye maharimu wake. Wanawake humjia kumliwaza wasimwache peke yake, na kila ajaye huja na kitu mkononi. Waliokwenda kwa Bi Chausiku walimpelekea haluwa, kaimati na uji wa sukari, kwa mapenzi matupu, wakaona hataki kula wakambembeleza.

Mwanaasha alimkuta amekaa kwenye mkeka, miguu imefunikwa kanga.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Punguza sauti, maiti wa watu wamelala."

Alikuwa bado na ulimi wake, na Mwanaasha alifurahi. Ila kitu kilimkaa puani. Chumba kilinukia udi, udi mzuri uliofukizwa si muda mrefu. Alishangaa kidogo, akadhani ni wa jirani, akaendelea na habari zake za harusi ya Magomeni. Alipoinuka kumsogezea maji, kanga iliteleza, akauona mguu wa kushoto umefungwa kitambaa kilicholowa.

"Somo, hii nini?"

"Kaa la moto. Lilianguka kutoka kwenye chetezo cha udi siku ya msiba, nikalikanyaga."

"Siku ya msiba! Na hukupiga kelele?"

"Sikulisikia," alisema Bi Chausiku, akaufunika mguu. "Natia asali. Kidonda kinapungua."

Hakikuwa kinapungua. Mwanaasha amekaa Benchi miaka, anajua ganzi ya sukari ilivyo na anajua kidonda kinachonuka kinasema nini. Alimwambia waende kliniki, sasa hivi, bajaji ataita yeye. Bi Chausiku alimtazama kama mtu aliyeambiwa acheze ngoma. "Mimi niko edani, Mwanaasha. Umesahau?" Akageuza uso, na mazungumzo yakafungwa.

Mwanaasha alitoka roho juu. Mguu wa somo wake ulikuwa unaoza chini ya kanga, na kinachouzuia kutibiwa, aliona yeye, ni jambo moja la sheria. Akaenda moja kwa moja kwa Maalim Abdillah, madrasa, akasimama mlangoni akamweleza huku watoto wamenyamaza kumsikiliza. Maalim hakufikiri hata kidogo. Mwenye eda akiwa na haja ya tiba hutoka, akatibiwa, akarudi nyumbani kwake. "Lakini nashangaa wewe kuniuliza," aliongeza, "maana Bi Chausiku ndiye..."

Maneno yaliyobaki aliyaambia mlango. Mwanaasha alikwisha kuondoka.

Aliingia kwa Bi Chausiku akiwa na ruhusa yake kifuani kama aliyeshinda kesi. Wanawake walikuwa wamejaa mkekani. Hakuona sababu ya kuficha habari njema. "Somo! Nimetoka kwa Maalim Abdillah! Amesema unaweza kutoka, hakuna dhambi, mguu wako unatibika leo leo!" Wanawake wote waligeuka kutazama mguu ambao hawakujua kama una kitu.

Bi Chausiku aliwaomba wageni wampishe, kwa upole, mmoja mmoja. Walipokwisha kutoka alisema, "Eda umefundishwa na nani wewe?"

Mwanaasha akavua viatu alivyosahau kuvivua mlangoni.

"Nimekufunda mimi. Hina yako ya harusi ilikuwa haijakauka. Nikakwambia kizuka hutoka kwa ugonjwa, nikakwambia mpaka dua ya kusoma. Leo unaniletea fatwa mbele za watu kama mimi mtoto wa juzuu?" Alivuta pumzi. "Na pua yako iko wapi? Hukusikia udi humu ndani? Kizuka na udi wapi na wapi! Nimefukiza mwenyewe, Mungu anisamehe, ili msinuse kidonda. Mtu anayefukiza udi edani, atazuiwa na eda kwenda hospitali?"

Hapo Mwanaasha alikaa chini. Udi aliunusa, tena aliunusa vizuri, na asiushughulishe ubongo wake hata kidogo.

"Twalha alitoka humu ndani ana miguu miwili," alisema Bi Chausiku. "Nikaletewa nusu mtu. Mimi nitakwenda kwa Mola wangu na miguu yangu yote, basi. Naogopa, Mwanaasha. Umesikia? Naogopa."

Alilia bila kujifunika uso. Katika miaka yote Mwanaasha hakuwahi kumwona Bi Chausiku akilia, wala kumsikia akitaja hofu. Alimshika mkono mpaka alipotulia, akaondoka.

Njiani alijikasirikia, kisha akaacha, kwa sababu kujikasirikia hakuponyi kidonda. Akaenda kwa Sophia. Sophia alisikiliza mpaka mwisho, akasema kidonda hicho hakiwezi kungoja eda iishe, hakiwezi hata kungoja wiki. Kwenda nyumbani angeweza, lakini yeye ndiye aliyemwambia Mzee Twalha kwamba lazima aende Dar. "Bi Chausiku akiniona mimi anaona msumeno," alisema. "Ataniamini vipi? Mwanaasha, si wewe unayesema kila mtu na somo wake? Somo wa Bi Chausiku ni nani?"

"Hana. Yeye ndiye somo wetu."

"Basi ndiye anayehitaji somo kuliko sote. Nani Benchi alikuja na kidonda kama hicho, na leo mguu anao?"

Waliwapitia watu wote kichwani. Najma kidonda chake kilikuwa cha kidole cha mkono. Mina aliwahi kabla hata ngozi haijachanika. Aliyebaki alikuwa mmoja tu, Shuaibu wa Fukayosi, mkulima, aliyechomwa na kisiki shambani asisikie, akafika kliniki mguu umevimba hadi goti. Wakatazamana. Mwanamume! Kizuka haketi na mwanamume wa kando.

"Wazungumze kwa simu," alisema Sophia.

"Simu haina mguu," alisema Mwanaasha. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ila mlango wa Bi Chausiku una pazia."

Shuaibu alikuja kesho yake na kifurushi cha mihogo, maana hawezi kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu, na Mwanaasha alimpongeza kuwa walau hakuleta haluwa. Ni mtu mzima wa makamo, mtaratibu, anayefikiri kabla ya kila neno. Jambo moja lilimsumbua Mwanaasha. Katika mguu ule uliopona kidole kidogo hakipo. Alimpeleka kando, akajaribu kunong'ona, na wapita njia wote wakasikia: "Baba, vaa soksi. Au pale pasipo kidole pafiche nyuma ya pazia, akiona utamtisha."

"Nikivaa soksi atauona mguu gani?" alisema Shuaibu. "Mimi sikuja kuuza kitu, mama. Nitamwonyesha ulivyo."

Alawi, mwana wa Bi Chausiku, alikuwa ameombwa na amekubali. Alikaa na mgeni kwenye baraza, mlangoni pa ukumbi, na pazia lilishushwa. Ndani, Bi Chausiku alikuwa amekaa na uso wa mtu aliyelazimishwa kupokea wageni. Mwanaasha alipiga magoti kando yake.

"Asalaam alaikum. Shikamoo, mama," ilisema sauti nje ya pazia.

"Waalaikumu salaam. Marahaba. Umetoka mbali kwa jambo dogo."

"Nilitoka mbali hivi hivi kwa jambo langu, mama, nikaliona dogo na mimi. Ukiniruhusu nitaleta mguu."

"Haya," alisema Bi Chausiku kwa shingo upande.

Pazia likatikisika, na chini yake ukaingia mguu. Mguu wa shamba, mpana, umeoshwa mpaka umeng'aa, kisigino kimepakwa mafuta. Mtu mwingine angeutazama angecheka, na Mwanaasha alijiuma mdomo. Shuaibu aliugeuza taratibu, unyayo ukawa juu. Katikati palikuwa na kovu kubwa la kupauka, limekauka, limefunga. Pembeni, pale pa kidole kidogo, palikuwa patupu.

Macho ya Bi Chausiku yalikwenda pale patupu moja kwa moja. Mwanaasha akaona kazi yote imeharibika.

"Kidole kiko wapi?"

"Kilikwenda, mama. Nilikaa nacho nyumbani nikikitia majani, nikakichelewesha. Walikitoa hicho, mguu wakauokoa. Nyumbani walininong'oneza kwamba huko wanakata tu. Wanakata wanachokuta kimekufa. Mimi niliwapelekea kidole kimekufa."

Bi Chausiku alichukua kipepeo cha kuchochea moto kilichokuwa kando yake, akakigeuza, na kwa ncha ya mpini akaugusa unyayo ule, kando ya kovu. Akaminya. Akaminya zaidi.

"Umesikia?"

"Nini, mama?"

Kipepeo kilibaki hewani. Bi Chausiku alikiweka chini polepole. "Nimekudunga," alisema. "Na wewe huna habari nao."

"Sina habari nao. Mwiba unaingia mpaka ndani nami naimba. Ndiyo maana kila jioni mke wangu anaushika, anautazama kwa macho badala yangu. Mwanzo niliona aibu. Sasa tunapiga soga."

"Na mimi sikulisikia kaa," alisema Bi Chausiku. Aliyasema kwa yule mtu, si kwa Mwanaasha, kwa sauti ya mtu aliyekutana na wa kwao. "Nilinusa nyama inaungua, nikadhani ni jikoni."

"Mimi walinionyesha damu kwenye majani. Nikauliza, ni ya nani?"

Bi Chausiku akacheka. Cheko fupi, kavu, akaliziba haraka kwa ukingo wa mtandio kwa heshima ya marehemu. Kisha wakazungumza, kizuka na mguu, jambo lililomkalisha Mwanaasha kimya muda mrefu kuliko wote aliowahi kukaa akiwa macho. Bi Chausiku aliuliza kila kitu: kusafishwa kunauma? Kunauma pale ambapo bado pana uhai, na hapo ushukuru. Dawa za kumeza muda gani? Mpaka waseme basi, si mpaka uchoke. Anaweza kusimama kuswali? Aliswali amekaa mpaka kilipofunga, sasa anasimama. Alipomaliza maswali alifunua kanga yake, akafungua kitambaa, akautazama mguu wake kama anautambua upya.

"Alawi," aliita, "ita bajaji."

Kusafishwa kulikuwa kugumu, na Sophia hakumficha kitu. Kidonda kilikuwa kirefu, wiki moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Bi Chausiku aliuma ukingo wa buibui lake akavumilia, na aliposikia maumivu kwa mara ya kwanza alisema alhamdulillahi mpaka Sophia akashtuka. Tangu siku hiyo alikuwa anatoka na kurudi, hapiti popote, hakai na mtu, eda yake ameishika kwa adabu kuliko vijana wanaofunga Ramadhani. Wanawake wa Benchi walipangiana zamu ya kumsindikiza. Waliopeleka haluwa sasa walipeleka samaki wa kuchoma na mboga, na Mwanaasha alisimama mlangoni akikagua sahani zao bila haya. Nyumbani Alawi aliushika mguu wa mama yake kila jioni akautazama.

Siku moja Mwanaasha aliingia, akasimama katikati ya chumba, akavuta hewa kwa nguvu. Hapakuwa na udi. Hapakuwa na harufu ya kitu chochote, ila mkeka na sabuni.

"Umekuja kunusa au kusalimia?" aliuliza Bi Chausiku.

"Vyote, somo," alisema Mwanaasha, na machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

Eda ilikwisha. Bi Chausiku alikoshwa, akavishwa nguo mpya, akatoka nje kwenye jua akitembea mwenyewe, kwa kuchechemea kidogo. Jumanne iliyofuata akaja Benchi. Viatu vilikwisha kuvuliwa, watu wamekaa wamenyoosha miguu, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Alipoingia, Mwanaasha akafungua mdomo amwonyeshe Shuaibu ni yupi, maana tangu wajuane hawajawahi kuonana.

Bi Chausiku alimwinulia mkono anyamaze. Alipita mbele ya wanaume taratibu, macho yako chini, akiwatazama nyayo mmoja baada ya mmoja. Akasimama.

"Shuaibu."

Mkulima aliinua kichwa. "Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alimtazama vizuri, juu mpaka chini, kisha tena juu. "Kumbe una na uso."

Benchi zima likaangua kicheko. Bi Chausiku akageuka, akaenda upande wa wanawake, akajitengea nafasi katikati. Alikaa, akavua kiatu cha kushoto, akaunyoosha mguu mbele ya watu na kovu lake jipya likiwa juu.

"Haya, na wangu huu hapa," alisema. "Nani mgeni leo?"